Rungu la Feridun

Nilikwenda Gujarat kwa ajili ya rungu. Waparsi huliita gurz. Lina mpini wa chuma au wa fedha na kichwa cha ng'ombe chenye pembe mbili, na kijana wa ukoo wa makuhani hulishika kwa mkono wa kulia siku anayoingia hekaluni kupewa ukuhani, mwili mzima ukiwa ndani ya nguo nyeupe. Habari zake nilizisoma kwanza katika kitabu kinene cha Jivanji Jamshedji Modi juu ya ibada na mila za Waparsi, kilichochapishwa Bombay mwaka 1922, na tangu hapo swali moja halikunitoka. Kuhani wa Kizoroasta akisimama mbele ya moto hujifunga kitambaa cheupe puani na mdomoni, asije akauchafua kwa pumzi yake. Mtu wa tahadhari kiasi hicho, rungu la vita analitakia nini?

Treni za asubuhi kutoka Mumbai kwenda Surat hujaa kabla hazijaondoka. Nilisimama mlangoni nikibanana na wafanyabiashara wa nguo na mafurushi yao, na mpaka tulipokaribia Sanjan ndipo nilipopata pa kukaa. Sanjan ndiko Waparsi wanakosema babu zao walishuka majahazini zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakikimbia Iran baada ya dola ya Wasasani kuanguka mbele ya majeshi ya Waarabu. Pana mnara wa ukumbusho uliosimamishwa mwaka 1920. Kile kisa cha sukari iliyotiwa katika bakuli la maziwa kila mtu atakusimulia, hata dereva wa bajaji, kwa hiyo nakipita.

Nilishuka Udvada. Kituo kiko mbali na mji, ukishuka unapanda bajaji kuelekea baharini, katikati ya miembe, mpaka barabara inapokuwa nyembamba na nyumba zinapoanza kuwa na vibaraza virefu vyenye viti vya kuegemea. Ni mji mdogo, mkimya, wa wazee. Kila kizingiti kimechorwa maua na samaki kwa unga wa chokaa, asubuhi kwa asubuhi. Bahari imekuwa ikiumega ufuo miaka mingi, na upande ule kuna nyumba zilizoachwa, madirisha wazi. Desemba kuna baridi ya kutosha wauza maziwa kuyalaza nje usiku kucha kwenye umande, kisha alfajiri wakayapiga mpaka yakaumuka, wakapitisha povu lile mitaani ndani ya glasi. Unalila kwa kijiko na halifiki tumboni, linapotelea ulimini. Nilikula glasi mbili kabla ya kuuliza bei, jambo ambalo marehemu mama yangu asingelisamehe.

Lakini watu hawaji Udvada kwa maziwa. Wanaufuata moto unaoitwa Iranshah, Mfalme wa Iran, ulio mkongwe kuliko mioto yote ya Waparsi wa India. Moto wa daraja yake huundwa kwa kuunganisha mioto 16, wa mfinyanzi, wa mfua dhahabu, wa mwoka mikate, wa kuchomea maiti, hata wa radi iliyopiga mti, na kila mmoja husafishwa kwa sala mara nyingi kabla haujaungana na wenzake. Duniani ipo tisa tu ya aina hiyo: minane India, mmoja Yazd kule Iran. Iranshah uliwashwa Sanjan. Sanjan ilipotekwa, makuhani wakaukimbiza wakauficha katika mapango ya mlima Bahrot, ukaenda Bansda, ukakaa Navsari karne kadhaa, ukapelekwa Surat wakati wa hatari, ukarudi, ukapita Bulsar, na mwaka 1742 ukafika Udvada. Koo tisa za makuhani huutunza kwa zamu mpaka leo.

Mimi nilifika getini. Pale pana kibao kinachosema asiye Mparsi haingii, na mlinzi hakuwa na haja ya kukisoma kwa sauti, alinitazama tu. Yazd mgeni huruhusiwa kuutazama moto kupitia kioo. India sheria ni kali, na sikuwa na kinyongo; kuna sehemu nyingi za ibada kwetu ambazo mgeni pia haingii. Nilikaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara nikasikiliza. Mara tano kwa siku kuhani huupa moto kuni za msandali na ubani, na anaposoma sala yake hufika mahali pa kutaja fikra mbaya, maneno mabaya na matendo mabaya. Hapo hupiga kengele. Huwezi kuuona moto ukiwa nje, lakini kengele ukikaa karibu unaisikia, nayo haina upole wowote. Ni mapigo ya kumfukuza mtu.

Mama mwenye nyumba niliyolala alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu, na wote pale walimwita Anti. Alikuwa ametoka kusali, kichwa bado kimefungwa kitambaa.

"Ndani umeona nini, Anti?"

"Moto. Ulitaka nione nini?"

"Na ukutani?"

Akanikazia macho. "Panga. Na gurz. Nilizikuta nikiwa mtoto na zipo mpaka leo. Wewe, dikra, umetoka Afrika kote huko kuja kuuliza vitu vya ukutani?"

Dikra ni mwanangu, na Anti alinitupia neno hilo kila alipotaka kunikaripia. Lakini alithibitisha alichoandika Modi: katika chumba cha moto wa daraja ya juu hutundikwa panga na marungu ya chuma, pembeni mwa kitu ambacho hakina ulinzi mwingine isipokuwa kuta na sala. Hata siku moto mpya unapopelekwa kukalishwa mahali pake, wapo makuhani wanaouandamia wakiwa na panga na gurz mikononi, kama walinzi wa mfalme anayekwenda kutawazwa.

Asili ya rungu lile inajulikana kwa kila mtoto wa Iran, awe Mwislamu au Mzoroasta, kwa sababu imo katika Shahnameh, utenzi mrefu alioumaliza Ferdowsi mwaka 1010, na kabla yake ilikuwa imo katika vitabu vya makuhani. Palikuwa na mfalme dhalimu aitwaye Zahhak. Iblisi alimbusu mabegani, na pale alipobusu yakaota majoka mawili, na majoka yale yalitaka ubongo wa binadamu kila siku. Vijana wawili wakawa wanachinjwa kila jua linapochwa. Zahhak akaota ndoto, akafasiriwa kwamba atapinduliwa na mtu aitwaye Feridun, akaanza kumsaka angali mchanga. Baba wa mtoto akauawa. Mama yake, Faranak, akamkimbiza malishoni, na huko Feridun akanyonyeshwa na ng'ombe wa ajabu aitwaye Barmayeh, mwenye manyoya ya rangi kama za tausi. Zahhak akapata habari. Alipofika mtoto alikuwa ameshahamishwa, akamuua ng'ombe.

Huko mjini, mhunzi mmoja, Kaveh, aliyechukuliwa wanawe mmoja baada ya mwingine, alivua aproni yake ya ngozi, akaitundika juu ya mkuki, akaingia sokoni akiita watu. Umati ukamfuata mpaka kwa Feridun, ambaye sasa ni kijana mzima. Feridun akawaita wahunzi. Akainama, akachora chini mavumbini kichwa cha ng'ombe, akawaambia: nifulieni rungu la sura hii.

Mimi hapa husimama kila ninapokisoma kisa hiki. Angeweza kuomba upanga. Alitaka Zahhak apigwe na uso wa yule ng'ombe aliyemuua.

Rungu lenyewe lina ukoo mrefu kuliko Feridun. Katika Avesta, kwenye sala ndefu ya kumsifu Mehr, mlinzi wa ahadi na viapo, mungu huyo anapita angani ndani ya gari linalovutwa na farasi wanne weupe, akiwa na akiba ya pinde, mishale na mikuki kwa maelfu, na juu ya vyote rungu lenye vifundo mia na makali mia, silaha ambayo hakuna inayoizidi. Adui yake mkubwa ni mtu anayevunja neno lake. Mahali pa kufanyia ibada kuu za makuhani huitwa mpaka leo Dar-e-Mehr, Mlango wa Mehr, kwa hiyo kijana anayeingia na rungu anaingia nyumbani kwa mwenye rungu. Na halikuachiwa makuhani peke yao. Katika sala ya jua, ambayo Mparsi wa kawaida huisoma mchana, iwe Mumbai, Karachi au Toronto, rungu la Mehr hutajwa na kutukuzwa kwa kazi yake dhidi ya mashetani. Muuza bima anayesali dirishani kabla ya kwenda ofisini huliheshimu rungu hilo kila siku, pengine bila kulifikiria.

Kutoka Udvada nilipanda treni ya kaskazini. Njiani inapita Valsad, mji ambao zamani uliitwa Bulsar, kituo cha mwisho cha Iranshah kabla ya Udvada. Familia nyingi za Kiparsi huchukua jina la mji wao, na ya huko ikaitwa Bulsara. Mmoja wao, Bomi Bulsara, alikuja Unguja kuwa mtunza fedha wa serikali ya Kiingereza, na mwanawe Farrokh akazaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, kisha dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Watalii hupiga picha mlangoni Shangani. Wachache huuliza wale watu walikuwa wakisali wapi, au moto wao ulikwenda wapi. Waparsi wa Unguja walikuwa makarani, mainjinia, wafanyabiashara. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi wakaondoka, akina Bulsara wakiwamo. Moto wa Aden, ambako jamaa zao wa kibiashara walijenga hekalu katika karne ya 19, ulisafirishwa mwaka 1976 mpaka Lonavala, India. Ulikwenda kwa ndege.

Navsari ni mji wenye kelele, pikipiki na maduka ya achari. Hapa ndipo alipozaliwa Jamsetji Tata mwaka 1839, katika ukoo wa makuhani, na hapa ndipo makuhani wengi wa India wanapohesabu asili yao. Katika Maktaba ya Dastoor Meherjirana, iliyofunguliwa 1872, nilikaa saa nzima nikipekua vitabu ambavyo sikuweza kuvisoma, mpaka mfanyakazi mmoja akanihurumia. Akaniambia kesho yake asubuhi kuna mtoto anaingia navar, yaani anapewa daraja ya kwanza ya ukuhani. Nisimame nje, nisipige picha za mtoto, na nisizibe njia.

Navar huwa wavulana wa miaka kumi na kitu, na wengi huletwa wakati wa likizo za shule. Anayeonekana barabarani siku hiyo ameshapita kazi ngumu. Kwanza amekaa mara mbili katika barashnum, itikafu ya usiku tisa kila mara: halali na wenziwe, hagusi mtu, anakula kwa kijiko chakula alichopikiwa na watu walio katika tohara, anasali mara tano. Tohara ikivunjika usiku kwa sababu za maumbile ya wavulana wanaokua, anaanza upya. Ndiyo sababu moja ya kuwapeleka mapema, kabla ya kubaleghe. Pia kichwani mwake yamo maandiko ya Yasna, sura 72, kwa lugha ambayo hakuna anayeizungumza tena. Mkanda wa kusti anaoufunga kiunoni una nyuzi 72 kwa hesabu hiyohiyo.

Nilikuwa pale kabla ya jua kukomaa. Muuza maboga alisogeza mkokoteni wake bila kuambiwa, ishara kwamba mambo haya kayazoea. Kisha wakatokea kwenye kona. Makuhani wachache mbele na nyuma, wote weupe, kanzu nyepesi na vilemba. Nyuma yao wanawake waliovaa sari za hariri, mmoja akibeba sinia la fedha lenye vyombo vya maji ya waridi. Katikati yao mtoto mwembamba wa miaka kama kumi na miwili, mwenye miwani. Kanzu yake, jama, ilikuwa imebanwa kiunoni kwa kitambaa kirefu cheupe, kilemba kimemshuka kidogo upande wa kushoto. Shali ilikuwa imekunjwa juu ya mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulishika gurz.

Nilitarajia alishike kama askari. Alilishika wima mbele ya kifua, macho juu ya kichwa cha ng'ombe, akitembea kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi lililojaa pomoni. Vidole vilikuwa vyeupe kwa jinsi alivyokaza. Pikipiki ikapiga honi nyuma yao, baba mmoja akainua kiganja, ikanyamaza. Mama wa mtoto, nadhani ni mama, alikuwa akitembea karibu kidogo kuliko ilivyompasa, mkono ukinyooka kila mara kukirekebisha kile kilemba na kila mara ukirudi kabla haujafika, maana sasa haguswi. Wakapita. Mlango wa Vadi Dar-e-Mehr ukawapokea, ukafungwa, na muuza maboga akarudisha mkokoteni wake mahali pake.

Yaliyofuata ndani niliyasikia kutoka kwa kuhani mstaafu niliyeelekezwa kwake mchana, mzee mrefu, aliyeutumikia moto tangu ujana wake na ambaye sasa magoti hayamruhusu kukaa chini kwa ibada za saa nyingi. Nilimwamkia Sahebji, kama walivyonifundisha, akaitikia Sahebji, tukakaa barazani. Mkewe alikuwa ndani ya mlango, mbele ya kitanda kidogo cha kufumia, akifuma kusti za sufu. Kazi hiyo kwa mila ni ya wanawake wa nyumba za makuhani.

Mtoto akiingia, alisema mzee, husimamishwa mbele ya mkutano wa makuhani. Huvuliwa shali na kilemba ili waone kama yuko mzima, hana kidonda wala ugonjwa wa ngozi. Kuhani mmoja huomba ruhusa ya mkutano. Hakuna anayejibu. Wakinyamaza wamekubali, na mkubwa wao huinua mikono, basi. Baada ya hapo anaingia kuongoza Yasna yake ya kwanza, na kwa siku nne hufanya ibada hizo akila mara moja kwa siku. Akitoka ni Ervad.

"Na gurz anaiweka wapi wakati anasali?"

"Inawekwa. Mikono anaihitaji kwa vyombo." Akacheka. "Ulidhani tunasali tukiipungapunga?"

Akamwita mjukuu wake wa kike, akamwambia kitu, na binti akaleta kitu kirefu kilichofungwa kwa malmali ya zamani. Gurz ya ukoo wao. Ilikuwa ya babu yake mzee, na hakujua aliyeifua. Aliniruhusu kuishika, baada ya kunitazama mikono.

Ni fupi kuliko nilivyodhani, haikufika urefu wa mkono wangu. Mpini ni bomba la chuma lililopakwa fedha, na fedha imelika pale vidole vya watoto wa vizazi kadhaa vilipobana. Kichwa cha ng'ombe kina masikio yaliyolala chini ya pembe, tundu mbili za pua, na macho ambayo mhunzi aliyachonga makubwa mno, ndiyo maana mnyama anaonekana kama ameshtuka. Pembe moja imepinda kidogo kwa ndani. Mzee alisema ilianguka siku ya navar ya baba yake. Nikaligonga kwa ukucha, likalia: ndani ni tupu. Nyundo ya fundi seremala ina uzito kuliko lile. Ukimpiga mtu nalo, pembe zitakunjika kabla yeye hajaumia.

Iran ya karne ya 19 ilifua marungu ya kichwa cha fahali kwa wingi, ya chuma kilichonakshiwa dhahabu, na makumbusho ya Ulaya na Marekani yanayo mengi; na hayo pia ni ya kupamba na kuandamana. Sidhani kama kuna aliyewahi kupigwa nalo hata moja. Nikamuuliza mzee lile swali langu, silaha isiyopiga ina kazi gani mkononi mwa mtu wa sala.

Hakujibu moja kwa moja. Aliniuliza najua Feridun alimfanya nini Zahhak. Nikajibu kwa mujibu wa Ferdowsi: alimpiga rungu la kichwa, kofia ya chuma ikapasuka, akataka kummaliza, malaika Sorush akamzuia, saa yake haijafika, akamfunga minyororo katika mlima Damavand.

"Hapo kazuiwa tu, sababu hakupewa," alisema. "Sisi tunayo sababu."

Akanisimulia ilivyo katika Denkard, kitabu kikubwa cha makuhani kilichokusanywa karne ya 9 na ya 10. Feridun alimpiga yule dhalimu begani, moyoni, na kwenye fuvu, na hakufa. Akachukua upanga. Na kila alipomkata, kutoka ndani ya mwili wakaanza kutoka wadudu na wanyama watambaao wa kila namna. Ndipo Mungu, Ohrmazd, akamwambia aache: ukimpasua huyu, dunia itajaa nge, mijusi, kobe na vyura. Basi akamfunga mlimani, na yumo humo mpaka leo. Mwisho wa dunia minyororo itakatika. Atatoka, ataanza kuharibu, na shujaa mwingine wa zamani, Garshasp, ambaye sasa amelala tu, ataamshwa na kummaliza kwa rungu.

"Kama Feridun angemuua siku ile," alisema mzee, "mimi miaka yote hii ningekuwa nafanya nini?"

Mkewe akasema kitu kwa Kigujarati kutoka mlangoni na binti akaangua kicheko. Sikutafsiriwa.

Nikatazama tena lile rungu tupu mapajani mwangu, na nikaona kwamba uzito wake mdogo unakubaliana na kisa. Aliyelishika barabarani asubuhi ile hakutumwa kuua kitu. Pigo la kwanza lilikwisha kupigwa kabla ya historia, la mwisho litapigwa na mwingine baada ya historia, na yeye amewekwa katikati, kwenye zamu ya minyororo. Ndiyo maana wenye vitambaa midomoni na wenye marungu ni watu walewale. Anayeulinda moto usiguswe na pumzi na anayemlinda Zahhak asitoke mlimani wanafanya kazi moja, na kazi hiyo haina siku ya ushindi. Ina nyakati tano za sala kwa siku, na kengele.

Nilimweleza mzee habari za Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Kila Julai, siku ya Nairuzi, wanaume wa upande mmoja wa mji huingia uwanjani kupambana na wa upande wa pili kwa mashina ya migomba. Wanapigana kwa hasira ya kweli, wazee huwaambia watoe yote yaliyowakaa moyoni mwaka mzima, na shina la mgomba halimvunji mtu mfupa. Kisha kibanda huchomwa moto, wanawake huimba, mwaka huanza. Alipofurahi ni kwenye jina Nairuzi. Akaniuliza kalenda hiyo ina siku ngapi, nikamwambia kwa desturi ya wakulima na mabaharia wa pwani ni 365. Hata yao, ile ya Shahenshahi, ni 365 bila siku ya ziada, ndiyo maana mwaka mpya wao umekuwa ukirudi nyuma polepole kutoka masika ya Iran mpaka kufika Agosti. Akahesabu kwa vidole, midomo ikitikisika, akasema sisi wa Makunduchi na wao tumeachana kidogo tu. Alionekana kuridhika kana kwamba amekuta deni la zamani limeandikwa vizuri.

Chai ikaja, ya maziwa na majani ya mnanaa na mchaichai, na mazungumzo yakaingia mahali ambapo kila nyumba ya Kiparsi huishia. Sensa ya India ya 2001 ilihesabu Waparsi 69,601. Ile ya 2011 ilihesabu 57,264. Ukuhani ni wa kurithi upande wa baba, kwa hiyo vijana wanaoweza kulishika lile rungu ni sehemu ndogo ya idadi hiyo inayopungua, na wengi wao huingia navar kwa heshima ya ukoo na kumpendeza babu, halafu wakawa wahasibu. Mjukuu wa kiume wa mzee alipita mlango ule ule miaka michache iliyopita akiwa na gurz hii hii. Sasa anasoma Canada, na mzee hakutaka kulizungumzia sana.

"Na huyu je?" mkewe akasema, safari hii kwa Kiingereza ili nisikie, akimwonyesha binti kwa kidole chenye uzi. "Anajua Yasna kuliko kaka yake. Amejifunza kwa kumsikiliza akikosea."

Mzee akasema sheria ni sheria. Mke akasema Iran mwaka 2011 baraza la makuhani wa Tehran limewapa wanawake daraja ya mobedyar, wasaidizi wa kuhani, na Iran ndiko dini ilikotoka. Mzee akasema mobedyar si ervad, na waacheni Wairani wafanye watakavyo, wao hata barashnum hawaifuati kama sisi. Mke akauliza ni nani basi atakayelinda mlima wakati wahasibu wote wako Toronto. Hapo wakahamia Kigujarati, wote wawili kwa pamoja, haraka haraka, na binti akachukua gurz mapajani mwangu, akaifunga katika malmali yake, pembe iliyopinda ikiwa ya kwanza kufunikwa, akaipeleka ndani. Nilikuwa na treni ya Surat saa kumi na moja. Niliaga mara mbili kabla hawajanisikia.